Karatasi ya Katikati

Siku tuliyompeleka Servais nyumba ya wazee sikulia. Nasema mapema ili mtu asije akakaa kungoja machozi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alinikunjia leso mbili akanitilia mfukoni mwa koti, na zote mbili nilirudi nazo kavu, na mikunjo yake vilevile. Nilimvua kaka yangu koti, nikalitundika, nikamwonyesha choo kilipo, nikamwonyesha dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Akaniambia, "Asante sana, Madamu. Mwambie bwana meya nimeridhika." Nikasema nitamwambia. Nikashuka ngazi, nikapanda basi, nikafika nyumbani nikakaanga yai.

Tangu kiharusi cha pili, mimi kwake nilikuwa mtu wa manispaa. Nani kamtia wazo hilo kichwani sijui. Hakuwa mkali, la hasha, tena alinistahi kuliko alivyowahi kunistahi tangu nizaliwe. Lakini mimi ndiye mdogo wake wa pekee. Yeye hakuoa, mimi niliolewa nikafiwa, wazazi walishatangulia zamani. Duniani hapa hakuna mtu mwingine anayejua kwamba Servais Lejoly, karani wa posta, mtu mzima na miwani yake, aliwahi kukimbizwa na bata mpaka akapanda juu ya ukuta. Sasa mtu huyo ananiita Madamu, na watu wananiuliza, Odile, huumii? Siumii. Ukiulalia mkono usiku kucha, asubuhi unaunyanyua kwa mkono wa pili, unaona ni wako, una vidole vitano, na husikii kitu. Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuitoa vitu nyumba yake. Ni nyumba tuliyozaliwa, mtaa wa juu hapa Verviers, mbali na mto, na ndiyo maana yale mafuriko yalipozoa nusu ya mji kwetu hayakulowesha hata zulia. Makabati yalichukuliwa, kitanda kikachukuliwa, sufuria nikazigawa. Darini yakabaki magazeti ya Jumatano, kwenye masanduku ya posta, yamefungwa kamba, na kila sanduku limeandikwa mwaka kwa mwandiko wake ule wa kunyooka.

Lilikuwa gazeti la katuni la watoto. Lilikuwa na jina lake, lakini kwetu sisi liliitwa la Jumatano tu, maana lilitoka Jumatano, siku ambayo shule hufungwa saa sita mchana. Baba alifanya kazi kiwanda cha sufu, na alilinunua kituoni akirudi. Servais alisoma kwanza, mimi nikafuata, mikono imeoshwa na kukaguliwa, halafu linaingia sandukuni. Na katikati ya kila gazeti palikuwa na karatasi moja yenye kurasa ndogondogo, nyingine zimesimama, nyingine miguu juu. Hiyo ilikuwa ya kuchomoa. Unaikunja, unaikunja tena, unakata mikunjo, unapiga pini, unapata kijitabu cha kuenea kiganjani, na ndani yake hadithi nzima. Watoto wa nchi hii yote walikichomoa gazeti likiwa bado linanuka wino. Kwetu, ng'o.

Baba alikuwa ameahidi. "Mkiyatunza yakiwa kamili," alisema, "siku moja nitayapeleka kwa mjalidi, yawe vitabu vya jalada gumu kama vile vya daktari. Lakini ikitoka karatasi hata moja, mjalidi atayakataa." Alisema mara moja tu, akaendelea na supu yake. Servais alikuwa na miaka minane, na kwake neno la baba lilikuwa limetoka mlima Sinai.

"Kaka, kimoja tu," nilikuwa namwomba.

"Thubutu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na mstahimilivu hula mbivu. Kaoshe mikono, Kiroboto."

Kiroboto ni mimi. Nilikuwa mdogo, mwembamba, narukia kila kitu. Hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo, wala mama wala mume wangu, na kama angetokea mwingine ningemfokea.

Mwaka mmoja niliugua surua. Nilikuwa na miaka sita, madirisha yamefunikwa blanketi, macho yananiwasha. Servais alikuja akakaa kitandani kwangu na gazeti jipya. Alilifungua katikati, akalishika mbele ya uso wangu, akaligeuza kulia, akaligeuza kushoto, akalipindua miguu juu, ili nisome vile vikurasa bila kukichomoa kijitabu. "Ukurasa wa tatu uko wapi?" namwuliza. "Ngoja, labda huu wa pembeni. Hapana, huo ni wa saba." Alihangaika mpaka jasho likamtoka, maskini, lakini kuchomoa hakuchomoa. Nilikuwa nimejaa vipele mpaka ndani ya masikio, naye alikataa. Niliapa sitamsamehe, na sikumsamehe. Watu wengine wana vinyongo vya mashamba na nyumba za urithi. Changu ni cha karatasi, na nimekilea vizuri.

Baba alikufa magazeti yakiwa bado sandukuni. Servais akasema atayapeleka mwenyewe akipata kazi. Akapata kazi, akasema akistaafu. Akastaafu, akasema msimu wa mvua si mzuri kwa karatasi, na mji huu msimu wa mvua hauishi. Kisha kikaja kiharusi cha kwanza.

Sasa nyumba ya wazee ilikuwa imeniambia wazi: rafu moja, si zaidi, na karatasi zisizojalidiwa haziruhusiwi. Zinaleta vumbi, zinaleta moto, na chumba cha jirani kulikuwa na bwana mmoja mwenye tabia ya kula karatasi. Vitabu, sawa. Masanduku, hapana. Basi nikayapeleka kwa mjalidi. Sikuyapeleka kwa mapenzi. Niliyapeleka kwa sababu yalikuwa ndicho kitu cha mwisho darini.

Mjalidi aliitwa Bi Josette Crahay. Karakana yake iko nyuma ya jengo moja walikokuwa wakiosha sufu zamani. Ni mwanamke mnene wa kucheka, aproni imekauka gundi mpaka inasimama yenyewe, na kila mtu kwake ni mpenzi.

"Umebeba nini humo, mpenzi, matofali?"

"Magazeti ya kaka yangu. Yajalidiwe."

Alifungua kamba, akachukua moja, akalipasua katikati kwa vidole gumba kama mtu anayepasua samaki. Akachukua la pili. Akachukua jingine kutoka chini kabisa, na jingine sanduku la pili. Alivua miwani akaifuta kwenye aproni, ikawa chafu zaidi.

"Yapo," akasema. "Vijitabu vyote vipo. Mimi naletewa magazeti haya tangu nimechukua karakana kwa baba yangu, sijawahi kuona hata mwaka mmoja uliokamilika. Yanakuja na mwanya katikati, yote. Nyie mlilelewa na nani, masista?"

"Na baba. Alisema ikitoka karatasi moja mjalidi atakataa."

Bi Josette alicheka kwa sauti, kisha akauona uso wangu akaacha. "Nani alimwambia hivyo?"

"Sijui. Labda alijiambia."

"Mpenzi, hii karatasi iliwekwa itoke. Angalia. Kurasa za gazeti zinahesabiwa bila yenyewe. Ikitoka, hadithi za gazeti zinafuatana vilevile, na mimi nashona vilevile. Hakuna mjalidi angekataa."

"Hakuna?"

"Hakuna. Hata mlevi."

Nikakaa kwenye kigoda chake. Nilingoja hasira, maana mimi hasira ninazo za kutosha, mtu yeyote mtaani atakwambia. Ilinyanyuka kidogo, ikafika kifuani, ikarudi ilikotoka. Nilifikiri: kwa hiyo miaka yote ile, bure. Niliifikiri kama mtu anayefikiri kwamba duka limefungwa.

Bi Josette alinipa kahawa, kisha akasema, "Sasa uamue. Naweza kuvitoa vyote, nivikunje, nivikate, nikutengenezee kasha lake zuri. Mtavisoma hatimaye. Au niviache ndani. Lakini nikiviacha ujue, mimi nashona kila gazeti kwenye mkunjo wake, na uzi unalala papo hapo juu ya hiyo karatasi ya katikati. Nikishashona, hakuna wa kukichomoa bila kubomoa kitabu."

"Shona."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Kama yeye hakuvitoa, hatavitoa mtu mwingine kwa kulipwa. Shona."

"Wewe mkaidi kweli."

"Tulizaliwa hivyo wote wawili."

"Haya. Rangi?"

"Yoyote."

"Hakuna kitambaa cha rangi yoyote, mpenzi. Nina bluu, nina nyekundu, nina kijani cha chupa."

"Bluu."

"Na mgongoni niandike jina la nani?"

Nikamwandikia jina la Servais kwenye bahasha. Nilipotoka mvua ilikuwa inanyesha, na mikono ilikuwa haina kitu, sikujua niiweke wapi.

Yalikuwa tayari wiki moja kabla ya Krismasi. Majalada saba, kitambaa cha bluu, jina na mwaka kwa herufi za dhahabu. Sina haja ya kudanganya, yalikuwa mazuri. Unalifungua linalala wazi lenyewe, halijifungi, karatasi zile za zamani zimetulia kama zimepata kwao. Bi Josette aliyapapasa kabla ya kunipa. Nikaita teksi, jambo ambalo sifanyi, nikayapakata saba yote mapajani kwa sababu sikutaka yapigwe na mtikisiko.

Na njiani ndipo nilipojigundua. Mimi, Odile, niliyesema sihisi kitu, nilikuwa nimeweka tumaini langu lote kwenye vile vitabu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ataviona, na akiviona atanijua. Atasema jina langu. Hata si Odile, Odile ni jina la vitambulisho. Atasema lile jingine. Dereva alikuwa ananieleza habari za goti lake, na mimi moyo unanidunda kama msichana anayeletewa posa.

Servais alisimama nilipoingia, na kusimama kwenyewe ilikuwa shughuli. "Karibu, Madamu. Umechoka, keti."

Nikayapanga mezani moja moja. "Unayajua haya?"

Aliinama, akayatazama. Alipitisha kidole kwenye dhahabu, akasoma jina lake kwa sauti, kila herufi mahali pake. "Ni vitabu vya sheria," akasema.

"Ni magazeti yako, Servais. Ya Jumatano. Baba aliahidi yatajalidiwa, sasa yamejalidiwa."

"Kazi safi. Mwambie bwana meya, kazi safi kabisa. Lakini kuna makosa, Madamu. Mimi si mwanasheria. Mimi nilikuwa posta."

Nikalifungua la kwanza, nikamwonyesha gazeti la kwanza kabisa, lile lililokuwa na alama ya kikombe cha baba kwenye pembe. Alitazama kwa adabu, namna mtu anavyotazama picha za wajukuu wa mwenzake. Akanishukuru. Kisha akauliza kama leo kuna keki.

Nikayapanga rafuni. Nikamkatia keki. Nikaenda nyumbani, na nyumbani nikaondoa barafu kwenye friji, kazi niliyokuwa nikiikwepa tangu kiangazi. Sikulia siku hiyo pia. Tumaini lilikuwa limetoka, na baada yake palikuwa patupu na baridi kidogo, basi.

Niliendelea kwenda kila Jumatano mchana, na keki ya wali kutoka duka la karibu na kituo, kwa sababu Jumatano ni Jumatano. Tuliongea habari za manispaa. Taa ya barabarani iliyoharibika, ruhusa ya kujenga baraza. Nilianza hata kumletea majibu. "Meya amesema taa itarekebishwa." "Mungu ambariki." Majalada yalikaa rafuni kama matofali ya bluu, na aliyeyagusa ni Fatiha peke yake, siku za kufuta vumbi.

Fatiha ni nesi wa ghorofa ile. Amezaliwa hapa hapa Verviers, wazazi wake walikuja kutoka Nador, ng'ambo ya bahari, na ana utani wa kumpendeza Servais. "Mzee, leo tena umekataa kuoga? Meya anakuja kesho, atakunusa." Servais alikuwa anaoga mara moja.

Ikaja Jumatano ya mwezi wa pili. Natoka kwenye lifti na boksi langu la keki, Fatiha amesimama ananingoja katikati ya korido, mikono ameishikanisha.

"Bi Odile, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Kuna nini?"

"Mzee Servais anaharibu vitabu."

Akanieleza. Asubuhi alikuwa anafuta vumbi, akateremsha jalada la kwanza, akaliweka mezani likajifungukia lenyewe. Papo hapo akaitwa chumba cha jirani, yule bwana wa kula karatasi ameanguka. Aliporudi, Servais alikuwa ameshapata uzi. "Nilimnyang'anya," Fatiha akasema, "na akalia. Bi Odile, mimi yule mzee sijawahi kumwona akilia. Nikamrudishia. Mkuu wa hapa akija akiona, ataniuliza mimi."

"Vitabu ni vya nani?"

"Vyake."

"Basi mwache."

Nikaingia. Sijui nilitegemea kuona nini, labda makaratasi sakafuni, labda mtu amepagawa. Servais alikuwa ameketi wima mezani, mikono ya shati amekunja, na mbele yake jalada limelala wazi katikati ya gazeti la kwanza. Hakusimama kunipokea. Hakuniona hata.

Alikuwa anafungua uzi. Hakuwa anaukata, na mtu asiyeijua posta ya zamani hataelewa. Wale waliofundishwa kabla ya mashine walikatazwa kukata kamba. Kifurushi kikiharibika, unafungua fundo, unaizungusha kamba kidoleni, unaiweka itumike tena. Servais alifanya hivyo maisha yake yote, hata zawadi za Krismasi alitufungulia hivyo, mpaka mama anapiga meza. Sasa alikuwa ameingiza jino la uma wa keki chini ya mshono wa Bi Josette, anauinua, anauvuta, anauinua tena. Kile kilichotoka alikizungusha kwenye kidole cha shahada. Mikono hiyo ndiyo iliyoshindwa kufunga vifungo vya shati. Fatiha ndiye aliyekuwa akimfunga.

Nikaketi upande wa pili wa meza, na koti langu mwilini. Uzi ukaachia. Akaishika karatasi ya katikati kwa ncha za vidole akaichomoa, taratibu, bila kuichana. Akaitandika. Akasoma maelezo yaliyochapwa pembeni, midomo inatembea. Akaikunja kwa urefu, akapiga mkunjo kwa ukucha. Akaikunja tena, na tena. Mkasi hauruhusiwi pale, basi akachukua kisu cha plastiki kwenye boksi la keki nililoliweka mezani, akapasua mikunjo, na ikapasuka sawasawa. Pini pia hakuna. Akafikiri. Akaufungua uzi kidoleni, akauzungusha kwenye uti wa kijitabu mara mbili, akapiga fundo la posta. Lilikuwa fundo lile lile la kwenye masanduku ya darini.

Halafu akanyoosha mkono juu ya meza.

"Shika, Kiroboto."

Niligeuka nikatazama nyuma. Najua ni upuuzi. Nilitazama kama kuna mtoto amesimama mlangoni.

"Shika, mkono unaniuma. Soma haraka, na ujifunike, usipigwe na baridi na hiyo surua yako. Na usimwambie baba."

Nikakishika. Wewe unajua ganzi inavyotoka mkononi: haitoki kwa raha, inatoka kwa sindano. Niliumia. Niliumia mpaka meno, na nilifurahi, vyote viwili kwa pamoja, sikuweza kutenganisha. Leso zilikuwa bado zimo kwenye mfuko wa koti.

"Unalia nini? Ni macho?"

"Ni macho, kaka."

"Basi nitakusomea. Lete." Akakichukua, akakisogeza mbali na uso kama afanyavyo, akafungua ukurasa wa kwanza. Ilikuwa hadithi ya askari mnene anayetafuta kofia yake. Ukurasa wa pili anatafuta sokoni, chini ya kabichi. Servais akasita, akaanza kukigeuza kijitabu kulia na kushoto, miguu juu, uso umemkunjamana. "Ukurasa wa tatu uko wapi?"

"Huo hapo, kaka. Fungua tu. Umefuata wa pili."

Akafungua. Ulikuwepo. Akanitazama, akacheka kicheko kidogo cha puani. Tulisoma wa tatu, wa nne, zote kwa mpangilio, mpaka wa mwisho. Kofia ilikuwa kichwani mwa askari mwenyewe muda wote. Nitasema ukweli kwa kuwa nimengoja tangu nina miaka sita: ni hadithi ya kipuuzi kabisa.

"Ni hivyo tu?" Servais akauliza.

"Ni hivyo tu."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana."

Alikiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akaliona jalada lililo wazi, na mwanya, na uzi unaoning'inia, na uso wake ukabadilika. Niliuona woga wa mtoto wa miaka minane kwenye uso wa mzee. "Nimeitoa," akasema. "Mjalidi atakataa. Baba atayapeleka, na mjalidi atayakataa yote."

"Hatakataa. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Mjalidi mwenyewe. Nilikwenda kwake. Amesema karatasi ya katikati iliwekwa itoke, na yeye anashona vilevile. Amesema hakuna mjalidi atakayekataa, hata mlevi."

"Kweli, Kiroboto?"

"Kweli, kaka. Nakuapia."

Huko nje mtu alikuwa anarudisha gari nyuma, likapiga kelele, likanyamaza. Servais alikuwa anautazama mkono wake, kidole chenye alama ya uzi.

"Kumbe ningekupa," akasema. "Siku ile ulipougua. Kumbe ningekupa tu."

"Umenipa," nikamwambia. "Ninacho hiki hapa."

Lakini alikuwa ameanza kutazama boksi la keki, na tukala. Fatiha alichungulia, akauona uzi, akaniona mimi, akaufunga mlango. Kijitabu nilikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, pamoja na leso, ambazo safari hii zilikuwa zimelowa.

Jumatano iliyofuata nilipoingia alisimama, akavuta kiti.

"Karibu, Madamu. Bwana meya hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

"Na ile taa?"

"Wiki hii wanaileta."

Nikamkatia keki. Nikateremsha jalada la kwanza, nikalifungua katikati ya gazeti la pili, nikalisogeza mbele yake. Nilikuwa nimekuja na sindano. Nikaipenyeza chini ya mshono, nikamwinulia uzi kidogo, nikamwachia.